Usiku wa Mgao wa Stima

Hotuba ya mmoja wa akina mama wa sauti ya pili, katika sherehe ya jubilei ya dhahabu ya kwaya yetu, 1975–2025

 

Kamati iliponiita iliniambia hivi: "Mama, tunaomba utupe historia ya miaka hamsini kwa dakika kumi na tano." Nilicheka. Miaka hamsini ya kwaya haitoshi hata mkesha mzima, maana kila mtu hapa ana historia yake, na wengine wana mbili, moja ya kusimulia mbele ya Mchungaji na nyingine ya kusimulia jikoni. Majina ya wenyeviti, walimu wa kwaya na kanda tulizorekodi yamo katika kijitabu hiki, kila mmoja atajisomea. Mimi nimechagua kuwasimulia usiku mmoja tu. Vijana wameniuliza mara nyingi, "Shosho, katika matamasha yote mliyoenda, ni lipi ulilolipenda zaidi?" Leo nawajibu mbele ya watu. Ni lile la Agosti 2000, usiku wa mgao wa stima. Na tuelewane mapema, usiku huo hatukushinda. Tulikuwa wa tatu.

Kwanza niwakumbushe kidogo tulikotoka, kwa sababu tamasha halikuanza na sisi. Tamasha la Muziki la Kenya, hili ambalo watoto wetu wa shule wanaliimbia kila mwaka, lilianza mwaka wa 1927. Kutoka huko ndiko makanisa yalikopata desturi ya wimbo wa lazima, wimbo wa kuchagua, mwamuzi aliyeketi mezani na kalamu yake, na alama zinazosomwa mwisho wakati kila mtu amekauka koo. Wengi wetu tulifika kwaya tukiwa tumeonja tamasha shuleni.

Na ile do-re-mi tunayosomea nyimbo ina safari ndefu pia. Mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Uingereza, aitwaye Sarah Glover, alitafuta njia ya kuwafundisha watoto kuimba bila kuwatisha na noti za mistari. Mchungaji John Curwen akaichukua njia hiyo, akaitengeneza zaidi na kuieneza. Wamishonari wakaileta Afrika, na Afrika ikaifanya yake. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alipotunga wimbo wake mwaka wa 1897, ule ambao sauti yake leo Watanzania wanaimbia wimbo wao wa taifa, aliuandika kwa herufi hizo hizo za sol-fa. Kwa hiyo vijana mnaposema sol-fa ni mambo ya wazee, mjue kwamba ni mambo ya watu ambao hawakuwa na kinanda wala pesa za kinanda, lakini walitaka kuimba sauti nne.

Sasa nirudi mwaka wa 2000. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanaukumbuka vizuri. Mvua ilikuwa imekataa. Huko kaskazini mifugo ilikufa na watu wakalala njaa. Maji ya mabwawa ya Mto Tana, Masinga na Kamburu na Gitaru na Kindaruma na Kiambere, yalishuka, na kwa kuwa stima yetu nyingi ilitoka huko, nchi nzima ikawekwa kwenye mgao. Leo mtaa huu una mwanga, kesho uko gizani. Vinyozi walifunga mapema. Mafundi wa kuchomelea walifanya kazi usiku wa manane stima iliporudi. Kule Jericho nilikokuwa nikikaa, tulipiga pasi nguo za wiki nzima saa tano za usiku, maana hujui kesho itakuwaje.

Katika hali hiyo makanisa ya mitaa yetu yalikubaliana kufanya tamasha la kwaya. Kiingilio hakikuwa pesa. Kilikuwa pakiti moja ya unga au kilo ya maharagwe, vyote vipelekwe kwa waliokumbwa na ukame. Ukumbi ulikuwa mmoja wa zile kumbi za kaunsili kando ya Barabara ya Jogoo, wenye paa la mabati na viti vya mbao. Kwaya tisa zilijiandikisha. Zilikuwepo za Waanglikana, Wapresbiteri, Wakatoliki, AIC, na ndugu zetu wa Jeshi la Wokovu na matarumbeta yao. Siku hizo ilikuwa nadra kutuona chumba kimoja, isipokuwa kwenye matanga.

Sisi tulijiandaa miezi minne, kila Jumanne na Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Mwalimu wetu wa kwaya, marehemu sasa, alikuwa mtu wa reli, mkazi wa Makongeni, na kila jambo lake lilikwenda kwa saa kama treni. Ukifika saa kumi na mbili na dakika tano unakuta mlango umefungwa. Unasimama nje, unasikiliza sauti yako ikikosekana. Na alikuwa na sheria moja tuliyoichukia sana: wiki tatu kabla ya tamasha alikusanya karatasi zote za nyimbo na kwenda nazo nyumbani. Alisema karatasi ni ya kujifunzia, si ya kuimbia. Tulimwomba, tukambembeleza, akina mama wa sauti ya kwanza walimpelekea hata chapati. Alikula chapati, karatasi hakurudisha.

Mwaka uliotangulia tulikuwa wa nne. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu lina uzito katika ninayoyasema. Tulikuwa na hamu. Tulikuwa tumeshona vitenge vipya kwa kuchangishana shilingi kwa shilingi, na wengine wetu walilipa kwa awamu mpaka Desemba. Tulikwenda pale kushinda.

Tamasha lilianza saa tisa alasiri. Wimbo wa lazima ukaimbwa na kwaya baada ya kwaya mpaka tukaujua kwa makosa yake yote. Jua likatua, taa zikawashwa, tukawa tunahesabu kwaya zilizobaki. Sisi tulikuwa wa saba. Wa sita walikuwa kwaya ya vijana watupu, hata ishirini hawakufika, wengi wao wa shule ya upili. Walikuja na kinanda cha stima, kitu kipya machoni petu wakati huo, na mvulana aliyekipiga alikuwa hodari kweli. Walianza vizuri. Nitawaambia ukweli, walianza vizuri kuliko tulivyopenda.

Saa moja na robo, katikati ya ubeti wa pili, stima ikapotea.

Mnajua jinsi ukumbi unavyolia stima inapopotea. "Aaah!" Halafu kimya. Kinanda kilikata katikati ya noti, na sauti za wale watoto zikaanguka moja moja mpaka ikabaki ya msichana mmoja, naye akanyamaza. Tulisikia mtu akilia pale jukwaani. Mwalimu wao alikuwa kijana pia, akasema gizani, "Samahanini, hatuwezi kuendelea bila kinanda." Mtu aliyekuwa na kiberiti alikiwasha, tukawaona wamesimama wameshikana mikono.

Sasa sikilizeni. Katika kwaya yetu kulikuwa na mzee wa besi, fundi wa viatu, mtu mpole, hasemi sana. Tulikuwa tumekwisha kujipanga kando ya jukwaa tukingoja zamu. Yule mzee, bila kumwuliza mtu, akatoa sauti. Aliimba do. Ile do ya chini ya wimbo wao, maana alikuwa akiwasikiliza. Akaishikilia, akavuta pumzi, akaishikilia tena. Besi wetu wengine wakaingia chini yake. Halafu mama mmoja wa kwaya ya Kikatoliki, upande wa pili wa ukumbi, akatoa mi. Mtu akaongeza so. Hakuna maneno, ni kuvumisha tu. Wale watoto wakapata pa kukanyaga. Msichana yule wa sauti ya kwanza akaanza ubeti wa pili upya, na wenzake wakamfuata, na ukumbi mzima ukawabeba kwa kuvumisha mpaka wakamaliza. Walipomaliza, vigelegele vilitikisa mabati.

Si wote waliofurahi. Nilisimama karibu na mama mmoja wa sauti yetu ya pili, Mungu amrehemu, na alinong'ona kwa hasira, "Huyu mzee ana wazimu? Anawasaidia wanaoshindana na sisi?" Na msimhukumu. Alikuwa anauza mboga sokoni, na kwa miezi minne alifunga kibanda mapema Jumanne na Ijumaa ili awahi mazoezi. Hiyo ni pesa. Aliuliza swali ambalo wengi wetu tulikuwa nalo moyoni. Mwalimu wa kwaya alisikia. Akamjibu polepole, "Mama, umeleta unga leo wa nani?" Akasema, "Wa watu wa ukame." "Unawajua?" "Siwajui." "Na hawa watoto unawaona hapa." Basi. Hakuongeza neno. Yule mama naye hakuongeza, ingawa uso wake ulibaki hivyo hivyo mpaka tulipopanda jukwaani.

Zamu yetu ikafika. Wenyeji walikuwa wametafuta taa, wakapata karabai mbili na koroboi kadhaa. Karabai moja iliwekwa mezani kwa mwamuzi, nyingine kwenye mlango kwa usalama. Jukwaani kulikuwa na giza. Hatukuuona uso wa Mwalimu. Yeye akavua koti lake jeusi, akabaki na shati jeupe, akakunjua mikono ya shati mpaka kwenye vidole. Tukaona vitu viwili vyeupe vikielea hewani. Hivyo ndivyo alivyotuongoza.

Hatukuwa na kinanda cha kupotea, na hatukuwa na karatasi za kutafuta. Akatoa kile kichuma chake cha kutolea sauti, akakigonga gotini, akatupa noti. Tukaanza.

Nimeimba katika kwaya hii tangu 1981. Nimeimba harusi, mazishi, Pasaka, ufunguzi wa makanisa, na mbele ya wakubwa wenye magari marefu. Sijawahi kusikia kwaya yetu ikiimba kama usiku ule. Nimefikiri kwa miaka mingi ni kwa nini, na sababu ninayoiona ni ya kawaida tu. Kwenye mwanga kila mmoja wetu aliimba akijua anatazamwa. Huyu anarekebisha kitenge, yule anatafuta mumewe kwenye viti. Gizani hakuna wa kukutazama na hakuna wa kumtazama. Kilichobaki ni kumsikiliza jirani yako. Nilimsikia mama niliyesimama naye, yule aliyekasirika, akivuta pumzi, na mimi nikavuta naye. Sauti ya tatu, ambao kila siku walishindana nani ana sauti kubwa, walisikika kama mtu mmoja. Tulipofika mwisho na Mwalimu akafunga vile viganja vyeupe, hakuna aliyepiga makofi kwa muda kidogo. Kisha wakapiga.

Mwamuzi aliandika maoni yake kando ya karabai. Karatasi hiyo mtaiona leo kwenye meza ya kumbukumbu, ina alama ya mafuta ya taa pembeni. Ameandika kwamba sauti zilichanganyika vizuri mno, maneno yalisikika, na kwamba sauti ya tatu walikimbia kwenye ubeti wa mwisho. Wazee wa sauti ya tatu mlio hapa, mmeambiwa jambo hilo kwa miaka ishirini na mitano, na Jumapili iliyopita mlikimbia tena!

Matokeo yakasomwa. Wa kwanza, Wakatoliki. Wa pili, wale vijana wa kinanda. Wa tatu, sisi. Ndiyo, waliotusikia tukiwasaidia walitupita kwa alama mbili. Tulimtazama yule fundi wa viatu. Alikuwa anapiga makofi kuliko watu wote.

Ilikuwa desturi kufunga kwa wimbo mmoja wa kwaya zote. Ulipangwa uwe Haleluya wa Handel, na ungepigiwa kinanda. Wenyeji wakauliza kama tuuache. Ukumbi ukakataa. Sasa, wimbo huo kila kwaya ya Nairobi inaujua, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kiingereza. Tukaimba watu karibu mia tatu gizani, kila mmoja kwa lugha aliyofundishwa, na ndugu wa Jeshi la Wokovu wakapiga matarumbeta yao ambayo hayahitaji stima ya mtu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kazi hiyo, *Messiah*, iliimbwa mara ya kwanza mbele ya watu huko Dublin, Aprili 13, 1742, na kwamba pesa zilizopatikana zilisaidia hospitali na kuwatoa gerezani watu 142 waliofungwa kwa sababu ya madeni. Nikaufikiria ule unga na maharagwe tuliyoacha mlangoni. Ulikuwa umerundikwa mpaka dirishani.

Tulitoka saa tatu na nusu. Matatu hakuna. Mtaa wote giza, na mnajua Eastlands ya miaka hiyo, mtu hakutembea usiku kwa kupenda. Mwalimu akasema hakuna atakayekwenda peke yake. Tukatembea pamoja, wanaume pembeni na akina mama katikati, tukiimba ili wenye nia mbaya wajue tuko wengi. Tukawafikisha wa Makadara, kisha wa Maringo, kisha wa Jericho, na wanaume waliobaki wakaendelea na wa Bahati na Makongeni. Kila tulipopita watu walifungua madirisha na mishumaa mikononi. Tulipofika kwake, yule mama wa sauti ya pili alisimama mlangoni, akasema, "Mwambieni yule mzee aniletee viatu vyangu, nitamlipa vizuri." Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba msamaha.

Wapendwa, kwa nini nimewasimulia haya siku ya jubilei? Si kwa sababu ya kutamani giza. Nawapenda vijana wetu na kinanda chao na spika zao, na simu zao zenye noti zote za dunia. Nimeyasema kwa sababu stima ya kwaya yetu inataka kupotea tena, kwa namna nyingine.

Usiku ule jukwaani tulikuwa thelathini na sita, na wote tungeweza kufika kanisani kwa miguu. Leo kati ya hao thelathini na sita tuko hapa kumi na mmoja. Wengine wamelala Lang'ata, wengine wamelala kwao nyumbani. Na wale walio hai, mitaa imewatawanya. Pangani ya zamani ilikwisha kubomolewa na ghorofa zimesimama. Nyumba za zamani za mitaa mingine nazo zinabomolewa au zinangoja zamu. Sisemi nyumba mpya ni mbaya, zile za zamani paa lilivuja na mnajua. Nasema tu kwamba mwanakwaya aliyehamia Utawala, au Ruai, au Kitengela, mazoezi ya Ijumaa yanamgharimu nauli mara mbili na saa mbili barabarani. Anakuja mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu anatuma ujumbe. Mwezi wa sita hatutumii hata ujumbe. Katika besi leo wamebaki wanne, na wawili kati yao wana umri wangu.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na mwenyekiti ameniruhusu kuyasema.

La kwanza, kamati itenge mfuko wa nauli. Kama tuliweza kununua spika, tunaweza kumlipia kijana wa besi matatu kutoka Ruai mara moja kwa wiki. Mimi naanza leo kwa kiasi nilichompa mweka hazina kwenye bahasha.

La pili, kila Jumapili baada ya ibada, nusu saa, watoto wafundishwe sol-fa. Mimi na wazee wengine wawili tumejitolea. Sitaki chai, nataka ubao na chaki. Na yeyote aliyehama kanisa hili kwa sababu ya nyumba, akawafundishe watoto wa kanisa alilo sasa. Hatutamwita mtoro. Tutamhesabu kuwa kwaya yetu iliyoko Utawala.

La tatu ni dogo. Katika kila ibada, wimbo mmoja uimbwe bila kinanda na bila karatasi. Mmoja tu. Ili siku itakapohitajika mtu wa kutoa do, awepo anayeijua.

Yule fundi wa viatu alitutoka miaka mingi iliyopita. Mjukuu wake yuko katika sauti ya nne, ni mmoja wa wale wanne. Hajui nitamtaja, ndiyo maana anainamisha kichwa. Mwanangu, usiiname. Babu yako hakuwa mwenyekiti na jina lake halimo kwenye orodha ya viongozi katika kijitabu hiki, lakini katika miaka hamsini hakuna noti tuliyowahi kuimba iliyofanya kazi kubwa kuliko ile yake.

Nawashukuru waanzilishi wa 1975, walio hai na waliotangulia. Nawashukuru waume na wake waliokula chakula baridi kila Ijumaa kwa sababu yetu. Nawashukuru kwaya za majirani, na nyinyi mliokuwa vijana wa kinanda usiku ule, maana nimewaona watatu hapa na mmeshaota mvi. Mungu awabariki, na aibariki kwaya hii miaka hamsini mingine.

Sasa, kwa ruhusa ya Mchungaji, naomba kinanda kinyamaze kidogo. Sauti ya nne, tupeni do.